Asukume ao apasuliwe?

Simu ililia saa nane ya usiku. Ilikuwa mwezi wa ine mwaka wa 2022, mvua ilikuwa ikipiga mabati hapa Goma, na sikusikia vizuri sauti ya yule papa. Neno moja tu nililisikia: "Pasta, kuya mbio, banataka kupasula mwana!" Nikavaa koti, nikatafuta moto, tukarukaruka juu ya mawe ya volkano mpaka ku maternite.

Ndani ya koridoro nilikuta baraza nzima. Papa wa musichana alikuwa pale, mama mukwe, mashangazi wawili, muzee mumoja wa kanisa, na bwana yake, kijana anayechimba koltan kule Rubaya. Alikuwa ameshuka na moto ile muchana, na matope ya njia yangali ku buti zake. Juu ya benchi kulikuwa karatasi moja na biki. Hakuna aliyevigusa. Munganga alikuwa amekwisha kuwaeleza: mulango wa uzazi umefunguka nusu, na tangu jua kutua hauongezeki, kichwa cha mutoto hakishuki, moyo wa mutoto umeanza kuchoka. Wakamujibu: tunangojea pasta.

Wapendwa wasomaji, sikuitwa kule ili nisaidie kuamua. Niliitwa niombe, ili kisu kisimuguse mutoto wao.

Ile koridoro naijua. Katika mwaka wa 2008, nilipokuwa nimetoka masomo ya Biblia juzi juzi na kupewa parokia ndogo, muke wangu alishikwa na uchungu wa mimba yetu ya kwanza. Magaribi munganga aliniambia kwamba mutoto hawezi kupita, inafaa kumupasua. Nikamuomba aniachie saa moja ya kuomba. Saa ile ikazaa nyingine. Wakristo wakaja, wana-koro wakaja, tukakesha tukiimba inje chini ya muti. Alfajiri moyo wa mutoto ukawa hausikiki vizuri, nikasaini. Walimutoa akiwa hana pumzi. Walimuhangaikia sana, akaishi siku mbili. Alikuwa mutoto mwanaume.

Muke wangu alipopona kidonda, mwezi ulikuwa umekwisha kupita, aliniambia neno moja ambalo sijalisahau mpaka leo. "Mulikesha mukiuliza Mungu. Miye nilikuwa pale kitandani, hamukuniuliza. Miye nilikuwa nimekwisha kukubali toka saa mbili."

Siandiki haya ili munihurumie. Siwezi pia kuapa kwamba ningesaini mapema mutoto angepona. Lakini munganga aliniambia wazi kwamba kila saa tuliyongoja ilikula nguvu ya yule mutoto. Tulikuwa tunaomba Mungu atume musaada, na musaada ulikuwa umesimama hatua makumi mbili kutoka kwetu, umevaa gloves, unangojea biki yangu.

MANENO YA KU MULANGO WA MATERNITE

Tuseme kweli: katika makanisa yetu kuna maneno ambayo kila mutu anayajua. "Muke wa imani hazai kwa kisu." "Wamama wa zamani walizalia shambani." "Huyu ni muvivu wa kusukuma." Na mabinti wetu wanayasikia tangu wakiwa wana-koro wadogo, hata siku yao ikifika wanaona haya kama watu walioanguka ku mutihani.

Ni kweli wamama wa zamani walizalia shambani. Na wengine walizikwa palepale shambani, ila makaburi yao hayana mutu wa kuyahesabu. Musome Mwanzo sura ya 35. Raheli alikuwa njiani kwenda Efrata, akashikwa na uchungu mukali. Mukunga alikuwa karibu naye, bwana yake Yakobo alikuwa karibu naye, na Yakobo si mutu wa imani ndogo. Mutoto akapona, mama akafa, akazikwa kando ya njia. Biblia haimusemi Raheli vibaya hata kidogo. Haisemi kwamba alikosa kuomba ao alikosa kusukuma. Mutoto hakupita vizuri, na pale njiani hapakuwa njia nyingine, basi.

Wengine wananishikia Mwanzo 3, pale Eva alipoambiwa habari ya uchungu wa kuzaa. Sawa. Lakini katika sura ileile Adamu naye aliambiwa habari ya miiba na jasho, na bado sijaona mukulima anayekataa jembe la chuma, wala muchimbaji anayekataa pompi ya kuvuta maji ku shimo, ati kusudi ateseke kama ilivyoandikwa.

Na habari ya uvivu, muulize mama yeyote aliyepasuliwa. Kesho yake anaamuka akishika tumbo kwa mikono miwili. Akikohoa machozi yanatoka, akicheka vilevile. Anabeba mutoto na kidonda kwa mara moja. Uvivu gani huo?

HATA KABLA YA HOSPITALI ZA WAZUNGU

Kuna wanaodhani kupasua muzazi ni kitu cha Wazungu. Musikilize hii. Katika mwaka wa 1879, Mwingereza kijana Robert Felkin, aliyekuwa amesafiri pamoja na wamisionari wa Anglikana, alifika Kahura katika ufalme wa Bunyoro, ngambo ile ya Ziwa Albert ukitokea kwetu Ituri. Pale aliona kwa macho yake munganga wa kienyeji akimupasua musichana wa miaka karibu 20, mimba yake ya kwanza. Walimunywesha kasiksi mpaka akalegea. Munganga alinawa mikono kwa ile pombe ya ndizi, akaosha na tumbo la mama. Alikata katikati, akatoa mutoto, na pale damu ilipotoka sana akagusa kwa chuma cha moto. Kisha akafunga kidonda kwa misumari saba myembamba ya chuma na nyuzi za kitambaa cha maganda ya muti, akapaka dawa ya mizizi. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimefunga, mama na mutoto wote ni wazima. Felkin aliandika habari hii katika gazeti la wanganga la Edinburgh mwaka wa 1884.

Yule munganga wa Bunyoro hakuwa ametoka Ulaya. Na jinsi alivyofanya kazi inaonyesha kwamba haikuwa mara yake ya kwanza.

Basi, ni wakati gani ambapo hakuna tena kuchagua? Mutoto akilala kwa kukingama, haezi kupita hata mama asukume wiki nzima. Kondo la nyuma likikaa mbele ya mulango wa uzazi, kusukuma ni kumwaga damu ya mama mpaka mwisho. Kitovu kikitangulia, mutoto anakatikiwa hewa kwa dakika chache tu. Na tena kichwa kikiwa kikubwa kupita mifupa ya kiuno, ao kikiwa kimegeuka vibaya, mama anaweza kusukuma siku mbili, siku tatu. Kichwa kinagandamiza nyama za ndani mpaka zinakufa, zinatoboka, na kutoka siku ile mukojo unatoka wenyewe bila yeye kuuzuia. Hiyo ndiyo fistula. Si ubakaji peke yake unaoileta, kama wengi wanavyofikiri. Hapa Goma wamama wengi walishonwa fistula katika hospitali ya HEAL Africa, iliyoanzishwa na munganga Jo Lusi na marehemu muke wake Lyn, na kule Bukavu katika Panzi. Dokta Mukwege mwenyewe, mwana wa pasta wa Kipentekoste, ulimwengu unamujua juu ya Tuzo ya Nobel ya 2018. Lakini kilichomupeleka Ufaransa kujifunza kazi ya uzazi ni wamama aliowaona wakifika Lemera wamechelewa, wengine wakifa katika kuzaa.

Uchunguzi uliofanywa katika Kongo nzima mwaka wa 2013 na 2014 ulionyesha kwamba kwa watoto 100,000 wanaozaliwa wazima, wamama 846 wanakufa kwa sababu ya mimba ao ya kuzaa. Tunazikwa na kitu ambacho mara nyingi kina dawa.

SHIMO LA UPANDE MWINGINE

Nimesema sana juu ya wanaokataa kisu. Sasa niseme na wale wanaokikimbilia, kwa maana katika muji wetu wameanza kuwa wengi. Kuna dada anayesema: "Pasta, miye naogopa uchungu, na bwana iko na feza, banipasule tu." Wengine wanaona ni alama ya kuendelea. Na tusifiche, kuna mahali ambapo upasuaji unaleta feza kuliko kuzaa kwa kawaida, na munganga mwenye haraka anaweza kutisha familia bila sababu kubwa.

Dada yangu, kama hakuna sababu, njia ya kawaida ndiyo bora kwako. Damu inapotea kidogo. Unaamuka siku ileile. Mutoto anayepita njia ya kawaida anakamuliwa kifua, maji yanatoka ku mapafu, anapumua vizuri zaidi. Na mufuko wa uzazi unabaki bila kovu, jambo kubwa sana kwa sisi tunaopenda watoto sita, saba. Kila kovu linaongeza hatari ya mimba inayofuata: kondo linaweza kushika ndani ya kovu na kukataa kutoka.

Uchunguzi wa nchi 22 za Afrika uliochapwa mwaka wa 2019 ulionyesha kwamba kati ya wamama 1,000 waliopasuliwa, karibu watano walikufa. Hiyo ni mara 50 kupita nchi za matajiri. Kisu ni kilekile. Lakini kwetu wengi wanafikishwa wamechelewa, damu ya kuongeza ni shida, na mutu wa kulaza usingizi ni mumoja kwa wagonjwa wengi.

Shirika la Afya la Ulimwengu lilisema mwaka wa 2015 kwamba nchi ikipita wamama 10 wanaopasuliwa katika 100, vifo havionekani tena kupunguka. Mwaka wa 2021 lilihesabu kwamba katika ulimwengu mutoto mumoja kati ya watano anazaliwa kwa kupasuliwa. Katika Brazili wamekwisha kupita nusu. Katika Afrika yetu ya kusini ya Sahara ni kama 5 tu katika 100. Maana yake nini? Kule wanapasua wasiohitaji, huku wanaohitaji hawapasuliwi. Na mimi naongeza kwamba hata katika Goma moja hii, kwa umbali wa kilomita chache, utakuta wote wawili.

MAMA MWENYE KOVU

Swali ninaloulizwa mara nyingi na mabwana ni hili: "Akipasuliwa mara moja, ni kisu mpaka mwisho?" Hapana. Mama aliyepasuliwa mara moja, chale ikiwa ya kukingama chini ya mufuko wa uzazi, anaweza kujaribu njia ya kawaida, na kati ya wanne wanaojaribu karibu watatu wanafaulu. Ila lazima ajaribie hospitalini, mahali penye chumba cha upasuaji kilicho tayari, kwa sababu kovu linaweza kupasuka. Inatokea kwa watu kama watano katika 1,000. Inaonekana ni kidogo, lakini ikitokea, ni dakika zinazohesabiwa, si saa. Na chale ya juu ya ngozi haionyeshi ile ya ndani ilikatwa namna gani, kwa hiyo uombe hospitali iiandike ku fishi yako. Kama ile ya ndani ilikatwa kwa wima, usijaribu kamwe. Tena, mumuache mama apumzike, kama miaka miwili, mbele ya mimba nyingine. Mabwana, hapo ninasema na ninyi.

Mimba yetu ya pili ilikuwa mwaka wa 2011. Safari hii tulienda kuonana na munganga ikiwa ya miezi sita. Muke wangu alisema anataka kujaribu kusukuma. Munganga akasoma karatasi za zamani, akakubali, akatuambia siku gani tuhamie karibu. Alizaa musichana kwa njia ya kawaida, na ile chumba ya upasuaji ilikuwa mulango wa pili, taa inawaka. Wa tatu, mwaka wa 2015, alilala kwa kukingama. Munganga alituonyesha ku ekografi. Tulichagua siku, nikasaini nikiwa nimekula vizuri ugali yangu, akapasuliwa. Wote wawili wanasoma sasa. Hakuna mutu nyumbani kwetu anayeuliza nani alipita mulango gani.

Munaona tofauti? Mwaka wa 2008 tulifanya baraza wakati uchungu umekwisha kupanda. Kwa hawa wawili, maneno yalikuwa yamekwisha mbele. Asukume ao apasuliwe, mara nyingi hilo mutoto na mufupa wa kiuno ndio wanaoliamua, siku ileile. Kilicho mukononi mwa familia ni mahali atakapozalia, saa atakayofika pale, na kumuuliza yeye mwenyewe mapema.

KWA NINYI MULIO MACHIMBONI

Gazeti hili linasomwa Rubaya, Walikale, Numbi, na mahali pengine ambapo mama akishikwa na uchungu usiku anabebwa ku tipoyi ao anakalishwa ku moto katikati ya watu wawili. Kwenu maneno haya yana uzito kuliko kwa sisi wa muji. Raheli alikuwa njiani, na njia ilikuwa hatari yake ya kwanza.

Mama mwenye kovu, mwenye mapacha, mwenye mimba ya kwanza akiwa musichana mudogo ao mufupi sana, ao aliyewahi kuzaa mutoto mufu, asingojee uchungu karieri. Ashuke wiki tatu, ine, mbele ya siku yake, akae kwa ndugu karibu na hospitali inayoweza kupasua. Sentre ndogo ni nzuri kwa kupimisha mimba, na hata kuzalia kama mambo ni mazuri, lakini muulize mbele: hapa munapasua? Kama hamupasui, munatuma wapi, na kwa chombo gani? Na asingojee hata saa moja kama anaona damu mimba ikiwa kubwa, kama kichwa kinauma na macho yanaona giza, kama maji yamepasuka na ni ya kijani, kama mutoto ameacha kucheza, ao kama mukono wa mutoto ndio unatangulia.

Feza ni neno gumu. Nimeona wamama wakikaa hospitalini majuma baada ya kupona, kwa sababu deni halijalipwa. Mwaka wa 2023 serikali ilianza Kinshasa mupango wa kuzaa bure, lakini musiutegemee mbele ya kuuliza ku hospitali yenu. Muanze kuweka toka mwezi wa tatu wa mimba. Likelemba ya wamama wa kanisa inaweza kutoa zamu ya kwanza kwa mwenye mimba, nimeona kikundi kimoja kinafanya hivyo bila kelele. Na mutafute watu wawili ndugu wa damu inayolingana na yake, waliokwisha kupimwa. Hao wana faida usiku ule kuliko mashangazi wanane ndani ya koridoro.

Tena, nani atasaini kama bwana yuko ndani ya shimo na simu haipatikani? Mwenye tumbo ndiye wa kwanza. Code ya Familia ya 1987 ilimulazimisha muke kuomba ruhusa ya bwana kwa mambo mengi ya sheria, lakini ilibadilishwa mwaka wa 2016, na ile ruhusa iliondolewa. Bwana, mbele ya kurudi karieri, useme mbele ya mama yako na mbele ya muke wako: "Akikubali yeye, nimekubali mimi."

Na mujue hospitali ya pili. Mwezi wa kwanza wa 2025, vita ilipoingia Goma, hospitali zilijaa majeruhi na njia zilifungwa. Mimba hazikungojea.

Nirudi ndani ya koridoro. Niliomba mukunga aniingize kwa yule musichana. Alikuwa na miaka 19, midomo imekauka. Nikamuuliza, kama ambavyo sikumuuliza muke wangu: "Mwanangu, weye unasema nini?" Akajibu bila kufungua macho: "Pasta, nimechoka. Banipasule."

Nikatoka nikawaambia vile alivyosema. Mama mukwe akaanza: "Lakini Pasta, maombi..." Nikamwambia: "Mama, tutaomba tukitembea." Papa wa musichana akatazama chini. Yule kijana akachukua biki, mukono ulimutetemeka hata jina lake lilipita musitari. Tukaomba kweli tukitembea, kando ya kitanda cha magurudumu, maombi mafupi kuliko yote niliyowahi kuomba.

Mutoto alilia kabla ya saa kumi. Musichana. Mama mukwe alimuuliza munganga neno moja tu: "Atazaa tena?" Munganga akasema ndiyo, lakini aje mapema.

Siku walipowaruhusu kwenda, yule kijana aliniomba biki yangu. Akaandika juu ya fishi ya muke wake kwa herufi kubwa: ALIPASULIWA 2022, ASIZALIE KARIERI. Kisha akaiingiza ndani ya sashe ya plastiki, kama zile wanazotia koltan ya kuonyesha wanunuzi, akaifunga vizuri juu ya mvua.